Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Klabu ya Biathlon (mbio za skii na kulenga shabaha kwa bunduki), Joensuu, Finland

Ndugu wanachama,

Tumefika 14. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa kukosa akidi. Huu ni mwito wa pili na katiba inaturuhusu kuendelea. Nawashukuru mlioacha shughuli zenu. Wengine salamu zangu zitawafikia kwenye kundi la WhatsApp, huko huwa hawakosi.

Shughuli za mwaka mnazijua: mazoezi mara mbili kwa wiki, skii za magurudumu wakati wa kiangazi, theluji pale Kontiolahti, mashindano 5 ya vijana. Mapato euro 3,140, matumizi euro 2,985, vijana 11, bunduki 3 za kuazima. Risiti anazo mweka hazina.

Sasa suala la kambi. Ni kweli nilifuta kambi ya theluji ya Novemba, na fedha zikaenda kwenye risasi na kumlipa kocha wa shabaha. Nimeambiwa nimewanyima watoto theluji. Mzazi mmoja alinitajia Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za skii kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 akitokea riadha ya mita 800. Sawa, lakini Boit hakubeba bunduki mgongoni.

Watoto wetu pumzi wanayo. Kilima cha Kontiolahti wanakipanda vizuri, halafu wanafika kwenye shabaha moyo ukidunda na kidole kinavuta kwa pupa. Ukifyatua umelala, shabaha iko mita 50 na upana wake milimita 45, haufikii mdomo wa kikombe cha kahawa. Ukisimama ni milimita 115, ila hapo mwili wote unayumba. Januari kijana wetu mmoja alikosa 6 kati ya 10. Kila kosa ni mzunguko wa adhabu wa mita 150. Jumlisheni, ni mita 900 za bure. Kambi gani ingezifidia?

Tukaanza kufyatua bila risasi ukumbini, dakika 20, baada ya kupanda ngazi mbio: pumua, tulia, vuta taratibu. Machi kijana yuleyule alikosa 2. Nilimpeleka kwa gari langu, na mafuta sikudai. Kamati ilishirikishwa, waliokuwepo kikaoni walikuwa wawili, nami wa tatu.

Ada: kati ya wanachama 41, wamelipa 17. Waliolia zaidi kuhusu kambi sikuwaona kwenye daftari.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatafuta mfadhili, bunduki nyingine, na huenda kambi ikarudi. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti