Msitukatie ufunguzi wa Olimpiki

Mhariri, naomba hii ishu iangaliwe kabla ya Los Angeles 2028. Ufunguzi wa Paris, Julai 26, 2024, kwetu ulianza saa mbili na nusu usiku, sebule imejaa mpaka majirani, watoto wamekaa kwa mkeka, kila mtu anangoja Kenya ipite. Na ilikuwa mara ya kwanza Olimpiki za kiangazi kufunguliwa nje ya uwanja, timu zinakuja na boti mtoni Seine, mvua inanyesha kwelikweli, wanamichezo wamevaa makoti ya plastiki na bado wanacheza tu!

Sasa stesheni tuliyokuwa tunatazama ikakata ikaweka matangazo, kurudi hivi, boti yetu ishapita, mkimbiaji Omanyala na Triza Atuka wa voliboli, waliobeba bendera yetu, hatukuwaona kabisa. Watoto walilia. Jamani, boti moja inabeba timu kadhaa, kila nchi inapata sekunde chache tu, na hizo sekunde ndizo tulikuwa tunangojea! Matangazo yawekwe kabla ama baadaye, na tupewe mtangazaji wa Kiswahili atuambie huyu ni nani na anashiriki mchezo gani.

Msomaji, Nakuru