"Naulizia tu": lini uanze kupanga mambo ya msiba wako

Dukani kwetu hapa Dar es Salaam tunapokea wateja wa aina mbili. Wa kwanza wanafika alfajiri, wametoka hospitali moja kwa moja, na ndani ya nusu saa inabidi waamue jeneza, gari, turubai na viti. Wa pili wanapita mchana, wanasimama mlangoni kama watu waliopotea njia, kisha wanasema kwa sauti ya chini: "Naulizia tu." Leo tunazungumza na hao wa pili.

Tunajua kinachowakwamisha mlangoni. Ukitaja kifo chako mezani utaambiwa uache uchuro. Ajabu ni kwamba huyohuyo anayekukemea yumo kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, anachanga kila mwezi, na akichelewa anapigwa faini. Kwa hiyo kujiandaa tunajiandaa. Tunachokwepa ni kusema wenyewe tunataka nini.

Na kinacholeta ugomvi si jeneza. Hatujaona ndugu wakinuniana kwa sababu ya rangi ya mbao. Wanagombania mahali pa kuzika. Mzee kazaliwa Bukoba, kaishi Dar miaka 40, kajenga Kimara, kaoa mke wa Tanga. Ukoo unamtaka nyumbani, safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Mke na watoto wanataka Kinondoni, wapate kwenda kusafisha kaburi. Kila upande una shahidi: "Aliniambia mwenyewe." Huku wanabishana, mochwari inahesabu siku.

Majirani zetu Wakenya waliliona hilo mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Hata mchimba kaburi alisimama kizimbani kueleza alichoambiwa na marehemu. Ukoo ukashinda, na maziko yakafanyika tarehe 23 Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo. Mtu aliyeishi kwa kuandika hoja za wengine hakuacha wosia wa maandishi. Na hata angeuacha, suala la nani ana haki ya kuzika lisingekwisha kirahisi, kwa sababu mila nayo ina sauti. Ndiyo maana karatasi peke yake haitoshi. Lazima wahusika wa pande zote mbili wasikie kutoka kinywani mwako.

Sasa, lini? Jibu letu ni wakati ule ambao bado mnaweza kulicheka jambo lenyewe. Mama mmoja mteja wetu alisema mbele ya wanawe kwamba asivalishwe viatu vinavyombana, wakacheka hadi machozi, na katika kicheko hichohicho akawaambia anataka kulala karibu na mama yake. Lilimalizika hapo. Ukisubiri ugonjwa mzito, swali lilelile linageuka. Ukimuuliza mgonjwa aliye kitandani anataka azikwe wapi, anasikia kwamba umeshamkatia tamaa. Tumewaona watoto watu wazima wakishindwa kulitamka miezi mizima, mpaka nafasi ikapita.

Zipo siku ambazo zenyewe zinafungua mlango wa mazungumzo. Umenunua kiwanja mbali na kwenu. Umefunga ndoa na mtu wa dini au kabila jingine, au umeongeza mke. Mtoto amehamia Ulaya au Uarabuni, na sasa lazima ijulikane kama atasubiriwa au mtazika bila yeye. Umestaafu. Ukipitia mojawapo ya hizo bila kusema neno, umechelewa kidogo, ingawa si sana.

Kwa wateja wetu Waislamu mambo ni mepesi upande huu: sanda, swala, na kuzika mapema. Kwao mazungumzo yaelekee zaidi kwenye madeni, na kwenye wosia ambao kwa asiye mrithi hauvuki theluthi moja ya mali.

Kuhusu fedha, kuna jambo linalowashangaza wengi. Akiba iliyo benki kwa jina la marehemu peke yake haitanunua jeneza lake. Benki ikishapata taarifa ya kifo, akaunti inasimama mpaka mirathi ifunguliwe mahakamani na msimamizi athibitishwe, na msiba hausubiri hilo. Kwa hiyo fedha ya msiba ikae mahali ambapo mtu aliye hai anaifikia. Soma pia katiba ya kikundi chako: inawahesabu wazazi wa pande zote mbili, au wako tu? Ukiwa na deni la michango, wanakuzika au wanakupa pole? Watu wanachanga miaka kumi bila kuuliza.

Wosia andika, na ofisi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, zinahifadhi. Lakini maelekezo ya mazishi usiyafungie humo pekee. Kwa kawaida wosia unasomwa watu wakiwa wameshatoka makaburini.

Wengine hutuuliza kama wanaweza kutulipa kabisa sasa hivi. Tunakataa. Bei za mbao na mafuta zinapanda, duka linaweza kuhama, na sisi wenyewe tunakufa kama wengine. Fedha yako kaa nayo. Tunachokupa ni hesabu ya leo, kipengele kwa kipengele, ujue kusafirisha mwili kwenda Moshi kunatofautianaje na kuzika hapa mjini, ili kamati isije ikabuni bajeti usiku wa manane.

Njoo Jumanne au Jumatano mchana, siku ambazo kwa kawaida tuna nafasi. Tutakupa karatasi moja yenye maswali manne: nizikwe wapi, kwa ibada gani, nani awe msemaji wa familia, na fedha iko wapi. Kuijaza kajazie nyumbani, na mtu mmoja wa upande wa mwenzako awepo. Mlangoni usisimame; ingia tu ukae, kiti kipo.