Sumukuvu ipimwe ghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu waotao kwenye nafaka, ambayo mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mimi hununua mahindi kwa wakulima, na msimu uliopita sampuli yangu ilikaa maabara siku tisa huku magunia yakiwa chini ya turubai na mvua ikinyesha. Kuvu haingoji majibu.

Ndiyo maana navutiwa na vihisi vya kielektrokemia, yaani vipimo vidogo vinavyoonyesha uwepo wa sumu kwa badiliko la mkondo wa umeme. Siri yake ni elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, iliyopakwa kitu chenye vitundu visivyoonekana kwa macho: gramu moja ya mkaa uliochakatwa, ambao hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, yaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000, hivyo kingamwili nyingi za kunasa sumu hupata mahali pa kujishikiza. Unyeti huo unahitajika, kwa kuwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo ya mahindi.

Kasoro ipo, nayo si ndogo: vitundu hivyo hivyo hunasa pia mafuta na protini za nafaka, vikaziba. Kwa hiyo vyuo vyetu vipewe fedha za kuvijaribu vihisi hivi kwa mahindi ya ghalani, yenye vumbi na dumuzi, si kwa myeyusho safi wa maabara pekee.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Kibaigwa, Dodoma