Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwanamke katika Kolaji

Ndugu wanachama,

Mada mliyoipitisha mwaka jana ilikuwa mwanamke anavyojiona na anavyoonwa, kwa kolaji ya vifaa mchanganyiko, yaani picha inayoundwa kwa kubandika ubaoni vipande vya karatasi, kitambaa na picha. Kwa mawazo tumepiga hatua. Kwenye ubandikaji bado tunayumba, na kazi iliyovimba mapovu haitazamwi mara ya pili hata iwe na ujumbe mzito namna gani.

Kanga ndiyo iliyotawala, na ni haki yake. Lakini wengi waliikata kama kitambaa chochote, wakachukua mji na pindo, jina wakalitupa. Chukueni kanga yenye jina “Japo sipati tamaa sikati”. Ukibakiza “sipati”, mwanamke wako analalamika. Ukibakiza “tamaa sikati”, ni mwingine kabisa, hakubali kushindwa. Mkasi ndio unaoamua ni yupi, kwa hiyo amueni kabla ya kukata. Na kwa kuwa kanga huuzwa doti, kipande kimoja kikikatwa cha pili kibaki kizima, hasa ikiwa ni cha mama au bibi.

Kanga mpya ina wanga, na gundi haishiki vizuri juu ya wanga. Ifueni mara mbili, kisha sugueni pembe moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Ikiwa bado inachuja, rudieni, la sivyo nyekundu itaingia kwenye nyuso za picha zilizo jirani. Pigeni pasi. Kabla ya kukata, pakeni gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu juu ya mstari wa mkasi na iacheni ikauke, nyuzi hazitafumuka. Wakati wa kubandika, gundi ipakwe ubaoni, siyo kwenye kitambaa. Ikipakwa kitambaani hupenya na kuacha madoa yanayong'aa, na hayo hayatoki.

Kwa karatasi, gundi nyeupe ya mbao sehemu tatu kwa maji sehemu moja inatosha. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika papo hapo inaendelea kutanuka ikiwa ubaoni, na hapo ndipo mikunjo inapotokea. Pakeni nyuma yake, subirini dakika mbili tatu ilegee, ndipo muilaze na kuisukuma kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni. Mbao nyembamba zilizopinda zilipinda kwa sababu upande mmoja ulivutwa na gundi ikikauka, wa pili ukabaki mtupu. Dawa yake ni kubandika karatasi ya kaki nyuma siku ileile. Anayependa uji wa ngano kuliko gundi ya dukani asiuache zaidi ya siku moja, na atie matone machache ya mafuta ya karafuu kuzuia ukungu. Hata hivyo, hayaondoi hamu ya wadudu.

Picha za familia zilileta kazi nzuri kuliko zote mwaka huu. Msibandike picha halisi. Tumieni nakala ya fotokopi. Iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji huyeyuka ikiguswa na gundi, na uso wa bibi hugeuka doa la bluu. Kadi za kliniki na vitambulisho vinasema mengi kuhusu namna serikali na hospitali zinavyomwandika mwanamke, ila namba zifichwe, na mwenyewe aombwe ruhusa akiwa hai.

Kasoro moja ya mawazo nitaisema wazi: mrembo wa gazetini, kichwa kimekatwa, mahali pake maua. Tumeziona nyingi mno. Zinapendeza, lakini hazisemi chochote ambacho tangazo lenyewe halikusema. Tazameni alichofanya Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Nairobi: macho na midomo ya magazeti ya mitindo aliibandika juu ya michoro ya zamani ya kitabibu ya uvimbe wa mji wa mimba. Urembo unakutana na mwili unaoumwa, na mtazamaji hana pa kukimbilia. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, naye ameichukua kanga pamoja na maneno yake. Wote wawili walianza na swali, kifaa kikafuata.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Naomba mkutano upige kura kwa mambo mawili. Kwanza, gundi na mbao zinunuliwe kwa pamoja, kwa jumla, ili anayeanza asilazimike kutumia boksi. Pili, kamati ya maonyesho isipokee kazi isiyobandikwa karatasi nyuma, na juu ya karatasi hiyo paandikwe mwaka, gundi iliyotumika, na jina la kanga kwa ukamilifu wake, hata kama mbele limebaki neno moja.