Barua kwa binti yangu, kabla hujatia sahihi karatasi za Dubai

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua asubuhi. Barua hii mdogo wako ataipiga picha akutumie kwenye simu. Nimeona niandike, maana tukizungumza kwa simu hukawii kusema mtandao unakatika, nami hujua umechoka kunisikiliza.

Jumapili nilikusikia redioni. Nilikuwa dukani pale barabarani, na muuza duka aliongeza sauti mwenyewe aliposikia jina lako. Ulizungumza vizuri kuhusu mbio, kuhusu wasichana wadogo wa Sebei wanaokufuata, na nilivimba kifua, sikufichi. Kisha mtangazaji akakuuliza habari za kodi, ukasema umechoka kukimbia kwa faida ya watu wengine, kwamba wenzako wa Ulaya wanahamia Monaco, kusikotozwa kodi ya mapato, na wewe unaangalia Dubai kwa sababu hiyohiyo. Watu wote mle dukani wakanigeukia. Sikuwa na la kuwajibu.

Jana dada yako akaniambia zaidi: meneja amekwisha kuandaa karatasi za ukaazi, zinangoja sahihi yako tu. Mwanangu, usitie sahihi. Nakuomba kwanza unisikilize.

Sisemi huna hoja. Mbio za Marekani wanakukata asilimia 30 kabla hujaiona pesa. Ukishinda dola 20,000, elfu sita zimekwenda, meneja anachukua asilimia 15 yake, hizo ni elfu tatu nyingine, bado kocha, bado anayekukanda misuli, bado tiketi za ndege. Halafu unarudi hapa Uganda unakuta kiwango cha mtu anayepata zaidi ya shilingi milioni 10 kwa mwezi kinafika asilimia 40. Tena mwaka ule ulioumia mguu hukupata hata shilingi, na hakuna aliyekuja kukurudishia kitu. Mwalimu anafanya kazi mpaka miaka 60, wewe miguu yako ina miaka minane au kumi, na pesa hiyo ndiyo ya kuzeekea. Sheria inautazama mwaka mmojammoja, haiutazami mwili wako. Hilo ni la kweli, na ungelisema hivyo redioni ningekuunga mkono mbele ya kila mtu.

Wewe ulisema unaondoka. Unaondoka kwenda kuishi wapi? Niambie, utafanya mazoezi wapi? Dubai ni joto na bahari. Teryet, huku kwetu Sebei unakofanyia mazoezi, iko juu, kama mita 2,500, na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukikaa chini miezi miwili damu inabadilika. Utarudi hapa. Utarudi kila baada ya mbio, kama unavyorudi sasa, ulale kwenye nyumba yako uliyoijenga, mtoto wako alale pembeni yako. Sheria yetu inasema mwenye makao yake ya kudumu Uganda ni mkaazi wa Uganda, na anayekaa hapa siku 183 au zaidi ndani ya miezi 12 ni mkaazi vilevile, na mkaazi anatozwa kwa mapato yake yote, hata ya ng'ambo. Kwa hiyo karatasi ile haikuhamishi. Inaandika tu kwamba unaishi mahali usipoishi, na chini yake kuna jina lako, si la meneja.

Uliitaja Monaco. Boris Becker, yule Mjerumani wa tenisi, naye aliandikisha kwamba anaishi Monaco huku akiishi Munich. Mwaka 2002 mahakama ya Munich ilimtia hatiani, akapewa kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa, na faini juu yake. Mtu aliyeshinda Wimbledon akiwa na miaka 17! Mjerumani mwenzake wa tenisi, Steffi Graf, yeye hakufungwa. Aliyefungwa ni baba yake, Peter, mwaka 1997, miaka mitatu na miezi tisa, kwa kodi ya pesa za binti yake. Naye Messi alisimama mbele ya majaji wa Barcelona mwaka 2016 akasema yeye alikuwa anacheza mpira tu, mambo ya pesa alimwachia baba yake. Hawakumwachia kwa jibu hilo, wala yeye wala baba. Hayo nimeyafikiria usiku, sikufichi. Hati ya kile kiwanja cha Mbale ina jina langu, na akaunti ile ya benki vilevile, na tulipoyapanga tuliona ni rahisi hivyo. Wiki ijayo nakwenda kwa wakili viandikwe jina lako. Hilo liache kwangu.

Bolt je? Mwaka 2010 alikataa kukimbia London kwa sababu Waingereza walitaka sehemu ya pesa zake za matangazo pia, siyo zawadi ya siku ile tu. Aliwaambia wazi sababu yake. Walipomwondolea mzigo huo, kwa Olimpiki ya 2012 na tena kwa mbio za London mwaka 2013, alirudi akakimbia. Muda wote huo alibaki Jamaika, nyumbani kwake. Alichagua mbio, hakuchagua uongo. Wewe pia unaweza kuchagua mbio.

Tena kuna jambo ambalo meneja hakukwambia, au hakujua. Kodi uliyokatwa ng'ambo inahesabiwa hapa. Zile elfu sita za Marekani zinatolewa kwenye kile unachodaiwa Uganda, mradi uwe na cheti cha waliokukata. Na gharama za kazi yako zinaondolewa kwanza. Una vyeti hivyo? Najua huna, maana bahasha zako zote ziko hapa kwenye sanduku la mama yako, nimezifungua, nimekuta namba za kukimbilia na kadi za hoteli. Waandikie waandaaji wa kila mbio uwaombe. Mwaka wa kodi unaishia tarehe 30 Juni na fomu inapelekwa kabla ya Desemba kuisha. Tafuta mhasibu, mlipe, usimtegemee meneja kwa kila kitu.

Ulisema pia kwamba pesa zinaliwa. Zinaliwa, ndiyo. Mama yako alipopeleka goti lake zahanati aliandikiwa dawa akanunue mjini. Siwezi kumtetea mtu anayekula pesa ya dawa. Lakini ulikulia kambi ya polisi, mwanangu. Ile nyumba ya unipoti, ya mabati ya mviringo yaliyochemka mchana mpaka tukatandika mkeka nje, ilikuwa ya serikali. Posho, ugali wetu, na maharagwe uliyokula yalitoka kwenye mshahara wa askari, na mshahara huo ulilipwa na wauza ndizi na waendesha matatu wasiotujua. Viatu vyako vya kwanza vya mbio nilivinunua kwa pesa hiyo. Na wao hawakuwa na Dubai. Nimeona wanaume wakilala kwenye migomba kuwakimbia machifu wa kodi ya kichwa, kabla haijafutwa 2005, watu wazima wakijificha mbele ya watoto wao. Najua kodi inavyoweza kumdhalilisha mtu. Ndiyo maana nataka wewe, mwenye sauti, ubaki na useme.

Wenzenu wa Kenya waligombana na mamlaka yao mwaka 2014 kuhusu jambo hilihili, kukatwa huko na kudaiwa hapa. Nyinyi mna medali za Olimpiki za Cheptegei, za Chemutai, za Kiprotich wa London 2012. Mkienda pamoja, na shirikisho la riadha likiwa nanyi, mkaomba miaka ya kuumia ihesabiwe, nani atawafungia mlango? Ukienda peke yako Dubai watasema ni tajiri mmoja mwenye tamaa, na wale wasichana wadogo watabaki na tatizo lilelile.

Sisi wa polisi tulikuwa na Akii-Bua. Dhahabu ya Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 za kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mwaka 1979 alikimbilia Kenya na familia yake, vita ilimfukuza, akaishi Ujerumani. Akarudi. Aliyeondolewa na vita alirudi, na wewe nani amekufukuza? Usitie sahihi.

Mtoto wako ameng'oka jino la mbele na anakataa kupigwa picha, kwa hiyo usimlaumu mdogo wako. Ada ya muhula nimelipa, risiti ipo. Kahawa imeiva mapema mwaka huu na mvua haitaki kukatika, turubai la kuanikia limechanika katikati, nahitaji jipya la mita sita kwa nane, ukiweza tuma kwa simu lakini ongeza ile ya kutolea. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume. Fundi wa tangi la maji anataka nusu ya pesa kabla, mimi nimemkatalia mpaka alete mabomba.

Nipigie Jumamosi jioni, nitakuwa nyumbani. Kama meneja yuko karibu nawe, mpe simu nizungumze naye mwenyewe.

Baba yako