Mwanangu, kuhusu alama yako na mzee Wyler

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, mama. Huku sote wazima. Bibi yako anakusalimu na anauliza likizo yenu inaanza lini.

Ujumbe wako nimeusoma taratibu. Unasema mmefundishwa kwamba mwongozaji hasa ni yule ambaye ukitazama picha yake dakika mbili tu umeshajua ni ya nani. Na wewe ukitazama vipande ulivyokwisha kupiga huioni alama yako popote, hadi unajiuliza kama fani hii ni yako kweli. Mimi ni mtazamaji tu, ila nimetazama miaka mingi na kusoma kila nilichokipata, na kuna mtu nataka umjue kabla hujaamua lolote. Anaitwa William Wyler, mwongozaji wa filamu wa Marekani.

Alizaliwa tarehe 1 Julai 1902 katika mji wa Mulhouse, jimbo la Alsace, enzi hizo chini ya Ujerumani, leo Ufaransa. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na baba yake alikuwa na duka la nguo. Kijana akatarajiwa arithi biashara, akapelekwa Paris kuuza mashati, lakini moyo wake haukuwa dukani. Mama yake alikuwa na binamu huko Marekani, Carl Laemmle, mwenye studio ya Universal, na huyo ndiye aliyemchukua. Akaanza utarishi New York, akahamia Los Angeles, akafagia seti, akabeba vifaa. Mwaka 1925 akaanza kuongoza filamu fupi za makauboi, zile za kupigwa siku chache na kusahauliwa. Hapo hakuna aliyemtafuta kwa alama yake. Alikuwa anajifunza mahali pa kuiweka kamera.

Alipopata nafasi ya kutengeneza picha kubwa, akajulikana kwa jambo moja: kurudia. Walimtania kwa jina la Wyler wa mara tisini. Mwigizaji anamaliza, anageuka kumtazama, naye anasema tu, "Rudia." Mara nyingi hakueleza anataka nini. Laurence Olivier alitoka London akiwa bingwa wa jukwaani, akaja kuigiza Wuthering Heights, iliyotoka mwaka 1939, huku akiidharau sinema. Waligombana vikali. Miaka ikapita, na Olivier mwenyewe akakiri kuwa Wyler ndiye aliyemfunza kuiheshimu kamera. Bette Davis, mwanamke asiyekubali kuonewa na yeyote, alipata Oscar kwa Jezebel ya mwaka 1938 chini ya mkono huohuo.

Naamini alikuwa anasubiri mwigizaji achoke kuigiza. Ukirudia sana, madoido yote uliyokuja nayo kutoka nyumbani yanakwisha, na kinachobaki usoni ni wewe. Filamu zake zilizaa tuzo 14 za Oscar za uigizaji, na hakuna mwongozaji mwingine aliyefikia hapo. Yeye mwenyewe alipendekezwa mara 12 kwa tuzo ya uongozaji, akaitwaa mara 3.

Sasa njoo kwenye shaka yako. Mhakiki wa sinema kutoka Ufaransa, André Bazin, alimwandikia makala ya sifa kubwa mwaka 1948. Baada yake vijana wa jarida la sinema alilokuja kushiriki kulianzisha, Cahiers du cinéma, na wenzao wa Marekani, wakamshusha: fundi hodari, ila hana mkono wake, yaani hiyo alama unayoitafuta. Hayo ndiyo mnayofundishwa hadi leo. Mimi naona walikosea, na nitakuonyesha kwa nini.

Tafuta The Little Foxes ya mwaka 1941. Kuna mahali mume mgonjwa wa moyo anashikwa na ugonjwa wake, chupa ya dawa imemvunjikia, anamwomba mkewe amletee nyingine ghorofani. Mke, ambaye ni Bette Davis, hasogei. Mume anajikokota kuelekea ngazi. Mwongozaji mwingine angemfuata mume, atuonyeshe jasho na vidole vinavyong'ang'ania kitasa. Wyler anaibakiza kamera usoni kwa mke aliyekaa, na nyuma yake mume anaanguka kwenye ngazi akiwa hafifu, kama ukungu. Unataka kumwona na huwezi. Wala mke hageuki. Huo uso usiogeuka ndio mauaji yenyewe. Niambie, mwanangu, mtu asiye na mkono anawezaje kufikiri hivyo?

Kisha vita. Mwaka 1942 aliingia jeshi la anga la Marekani. Aliruka na ndege za mabomu kutoka Uingereza kwenda juu ya nchi zilizoshikwa na Hitler, kwenye baridi ya kugandisha kamera, ili apige filamu ya ndege iliyoitwa Memphis Belle. Harold Tannenbaum, mtaalamu wa sauti aliyejitolea kushika kamera, alitunguliwa pamoja na ndege aliyopanda. Wyler alipata Oscar yake ya kwanza, kwa filamu ya Mrs. Miniver, akiwa ng'ambo vitani. Majeshi yalipoikomboa Alsace alifika Mulhouse. Duka la baba yake lilikuwepo, lakini Wayahudi wa mji walikuwa hawapo. Mwaka 1945, angani juu ya Italia, kelele za injini zikamharibu masikio. Alirudi nyumbani sikio moja limekufa kabisa.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo ninayoipenda kuliko zote: The Best Years of Our Lives, mwaka 1946, habari za askari watatu wanaorudi mji mmoja. Mmoja wao ameigizwa na Harold Russell, askari wa kweli aliyepoteza mikono yote miwili kwenye mlipuko wa mazoezini, hajawahi kuwa mwigizaji. Wyler aliwataka waigizaji wanunue nguo zao madukani kama watu wa kawaida na wazivae kabla ya kazi kuanza. Mwenyewe alisikiliza mazungumzo kwa visikizi, kwa sababu ya masikio yake. Russell alipata Oscar mbili kwa nafasi ileile.

Mna sehemu ya baa humo. Mbele, Russell anapiga piano kwa ndoano zake za chuma huku watu wakifurahi. Mbali kabisa, kwenye kona, mwenzake yuko ndani ya kibanda cha simu anavunja mapenzi yake na msichana. Hatusikii neno hata moja. Mpigapicha Gregg Toland amevifanya vya karibu na vya mbali vyote vionekane wazi, na kati yao amesimama baba wa yule msichana, anageuza macho huku na kule. Jicho lako ndilo linaloamua liende wapi. Huko kukuachia wewe uamue ndiko mkono wa Wyler ulipo, na hauonekani kwa sababu ameuondoa njiani.

Wala usidhani alikuwa mtumwa wa kurudia. Akiwa Roma akipiga Roman Holiday, mwigizaji Gregory Peck aliuficha mkono wake ndani ya mkono wa koti kwenye ule Mdomo wa Kweli, sura ya jiwe inayosemekana humng'ata mwongo mkono, na ukelele wa Audrey Hepburn ulikuwa wa kweli. Ilipigwa mara moja, basi. Alichokitafuta kilipotokea, alikitambua. Ben-Hur ya mwaka 1959, yenye Oscar zake 11, utaiona mwenyewe. Watu husimulia mbio za magari ya farasi, mimi napenda zaidi pale wale marafiki wawili wa utotoni wanapokutana na kuanza kuogopana.

Alifariki Julai 1981, akiwa na miaka 79.

Kwa hiyo mwalimu wako umheshimu na mtihani umjibu anavyotaka. Ila usianze kupinda kamera ili uonekane upo. Kile kipande chako cha mama wa sokoni, anapoambiwa meza yake imehamishwa na anaendelea tu kupanga nyanya, usikikate ulivyosema unakikata. Nitumie kwanza kizima, hata kama ni kirefu. Fedha ya bando nimeshakutumia asubuhi hii.

Baba yako