Baba amewaambia watu kwamba minervali (karo ya shule) ililipwa na Mungu

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Katuba. Usiku huu sikupata usingizi, na kwa kuwa Jumapili paroko anangoja jibu langu, nimeona heri nikuandikie wewe usiyenijua kuliko kwenda kwa shangazi zangu, ambao wananijua kupita kiasi.

Paroko wetu mpya aliniita baada ya misa, akaniomba nizungumze na baba yangu ili aiachie korali, kwaya anayoiongoza, kabla ya Majilio, kwa sababu mazoezi ya Noeli yanahitaji mtu mwenye nguvu, na yupo kijana aliye tayari. Alisema kwa heshima, na katika maneno yake sina la kumlaumu. Akaongeza kwamba baba ananisikiliza mimi kuliko watu wengine. Hapo nilitaka kucheka. Kama baba angekuwa ananisikiliza, asingesimama mbele ya watu wote siku ya jubilei na kusema yale aliyoyasema.

Baba aliianzisha korali hiyo mwaka 1975, akiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, wakati serikali ilikuwa imeyanyang'anya makanisa shule zao, na Noeli yenyewe imeondolewa katika sikukuu za mapumziko. Watu walitoka kazini jioni ndipo wakaja kuimba. Kinanda hakikuwapo, aliandika do, re, mi ubaoni kwa vipande vya chaki vilivyobaki darasani, na hadi leo hamruhusu mtu kuimba wimbo ambao hajausoma kwa noti. Hupenda kuwakumbusha vijana kwamba Joseph Kiwele naye alikuwa mtu wa muziki kabla ya kuwa waziri wa elimu wa Katanga ilipojitenga, kana kwamba wizara hiyo inamngoja na yeye. Roma ilipoikubali misa ya Kizaire, yaani misa kwa desturi za nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, mwaka 1988, ndiye aliyewafundisha mama zetu kucheza wakati wa Utukufu bila kupoteza sauti ya pili. Nayasema hayo ili usidhani kwamba siyathamini. Nimekulia humo. Hata leo nikiwa jikoni, nikisikia mtu anaiharibu alto katika nyumba ya jirani, siwezi kuendelea na kazi.

Lakini mwaka 1993 unaujua. Mshahara wa walimu haukuja, na ulipokuja haukutosha kununua unga, kwa jinsi fedha ya zaire ilivyokuwa imeanguka. Ikabidi wazazi wawalipe walimu wao wenyewe ili shule zisifungwe, na wazazi wenyewe hawakuwa na kitu. Ni wakati uleule ambapo jirani zetu wa Kasai, waliokuwa wanafukuzwa Katanga, walikuwa wanalala stesheni wakingoja treni ya kuwaondoa, na korali ikabaki karibu bila tenori. Baba alirudi kutoka mazoezini macho mekundu kwa ajili ya sauti hizo. Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa sekondari, upande wa ualimu, maana na mimi nilitaka kusimama ubaoni kama yeye. Hakuna aliyeniambia niache shule. Hakuna pia aliyeniambia nirudi. Nilianza kukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza katika soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, baadaye nikaingia katika biashara ya unga unaopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambayo hadi leo ndiyo inayonilisha. Minervali ya wadogo zangu wote ilitoka katika karai hilo. Mmoja leo ni injinia kule Kolwezi, na mkewe hunieleza jinsi ya kupanga maisha.

Siku ya jubilei ya miaka 50 ya korali, mimi ndiye niliyenunua kikwembe (kitenge) cha familia, mbuzi na vinywaji. Wadogo zangu walituma fedha, sikatai, ila zilifika sherehe imekwisha. Baada ya misa baba alipewa kipaza sauti. Akawashukuru mapadri, akawashukuru wanafunzi wake wa zamani, akawataja wanakorali waliokufa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sauti aliyokuwa akiimba. Kisha akasema: «Watu huniuliza mwalimu asiye na mshahara aliwasomeshaje watoto wake. Jibu ni moja: minervali ililipwa na Mungu.» Vigelegele vikapigwa. Wadogo zangu walisimama wakapiga makofi, na hilo ndilo siwezi kulimeza, kwa sababu wao walijua.

Mama, Mungu huyo alikuwa anakaanga vitumbua.

Nisamehe kwa kusema hivyo. Mimi ni mkristu, sikosi kusali na shirika letu, na najua kwamba nguvu za kuamka saa tisa za usiku sikujipa mwenyewe. Sidai sherehe yangu. Sidai hata asante, kwani asante ya mzee wa miaka 77 ningeipeleka wapi? Ila yeye aliyewataja marehemu wote wa besi, jina langu lingemchukua muda gani? Nimejiuliza pia kama mtoto anaweza kumwambia baba yake kwamba aliyelipa ni yeye, bila kuonekana anamwibia Mungu sifa, lakini hilo si ninalokuandikia.

Ninalokuandikia ni korali. Baba ana ugonjwa wa shinikizo la damu. Pensheni yake hufika siku inayotaka yenyewe, kwa hiyo dawa nanunua mimi, na mara nyingine fedha ya dawa naikuta imetengeneza kinanda au imewalipia nauli watoto wa soprano. Nikimuuliza, hunijibu kwa upole kwamba Mungu atatoa. Unaona anavyosema? Tena Mungu, na tena ni mimi ninayekwenda kwenye famasi. Mtu akiniambia basi kwamba baba apumzike, nawezaje kumpinga?

Na hata hivyo nilipofika nyumbani nilimkasirikia paroko. Kijana wanayetaka kumpa korali, do yake ya kwanza aliisoma sebuleni kwetu, akila vitumbua vyangu bila kulipa. Sasa anawafundisha watu nyimbo kwa kuwasikilizisha simu, hakuna noti, hakuna ubao, kila mmoja anashika sauti anayoipenda. Mtu aliyejenga korali wakati ambapo hata Noeli ilikuwa siku ya kazi hatolewi mlangoni kwa sababu anachoka kupanda ngazi. Nilimwambia mume wangu hivyo, akanikumbusha kwamba mwezi uliopita mimi mwenyewe nilisema korali hiyo itatuzikia baba. Nilisema, ndiyo. Yeye hajalelewa na mwalimu wa korali, hawezi kuelewa kwamba mambo yote mawili ni kweli.

Wadogo zangu wako upande wa paroko. Wananipigia simu mimi dada yao mkubwa: «Yaya, wewe ndiye uliye karibu, ongea naye.» Wanataka apelekwe Kolwezi akapumzike. Lakini saa kama hizi, nyumba ikiwa kimya, nimekwisha kufikiri kwamba akiondolewa korali atabaki na sisi tu, na labda ndipo atatuona tuliokuwapo. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu yangu. Sababu yangu ni afya yake, kama nilivyokueleza.

Nikikubali, baba atajua kwamba mkono uliomtoa ni wangu, na baada ya hapo neno lolote nitakalomwambia kuhusu mwaka 1993 litaonekana ni kisasi. Nikikataa, watamwondoa kwa tangazo la mwisho wa misa, naye atalisikia akiwa amekaa kwenye kinanda, mbele ya watoto aliowalipia nauli kwa fedha yangu.

Usinijibu kwamba niombe, kwa maana naomba. Usinijibu kwamba wazee ndivyo walivyo. Mama yangu aliishi na jibu hilo hadi tukamzika. Jumamosi nitampelekea dawa, atakuwa peke yake na madaftari yake ya noti. Niambie tu nikishakaa nianze na lipi, korali au minervali.

Binti wa mwalimu,
Lubumbashi